Sauti haionekani, lakini yaweza kukuharibia masikio

Mama mmoja aliingia katika kliniki yangu mjini Kitale akiwa amemshika mumewe mkono wa shati. Hata kabla hajaketi alianza kulalamika. "Daktari, huyu mzee siku hizi ananidharau. Namwita, ananyamaza. Nikimwambia wageni wamefika, ananiuliza wamepika nini. Watoto wameanza kudhani kwamba tumekosana."

Mzee mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na kitu, alitabasamu akatikisa kichwa. "Mimi nasikia vizuri sana, daktari. Shida ni kwamba watu wa siku hizi hawasemi, wananong'ona."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kazini, na kila ninapoyasikia huacha kalamu nikamtazama mgonjwa upya. Nilimuuliza kazi yake. Akaniambia kwamba kwa miaka 18 amekuwa akiendesha mashine ya kusaga mahindi, kuanzia asubuhi hadi jioni, katika chumba cha mabati.

Hapo nilijiona mjinga. Mzee huyu nilikuwa nimemtibu shinikizo la damu kwa miaka miwili, na siku zote hizo sikuwahi kumuuliza anafanya kazi gani. Kila nilipomweleza namna ya kumeza tembe zake aliitikia, "Ndiyo, daktari." Siku hiyo ndipo aliponiambia ukweli: "Nilikuwa naona haya kukuuliza mara tatu."

Msomaji mpendwa, ili uelewe kilichompata mzee huyu, na jinsi ya kuzuia kisikupate wewe au mtoto wako, hatuna budi kuanza mbali kidogo. Tujiulize swali ambalo wengi wetu tuliliacha darasani: Sauti ni kitu gani, na husafiri vipi hadi ikafika sikioni?

SAUTI NI MTETEMO

Ukitoka Kitale ukateremka hadi Bungoma, ambako mimi huhudumu kila Jumamosi, utakuta wazee ambao bado wanajua kupiga litungu, kile chombo cha Wabukusu chenye nyuzi 7. Mtazame mpigaji kwa makini. Anapougusa uzi, uzi unatetema kwa kasi hata macho yanauona kama ukungu. Akiuwekea kidole ukatulia, sauti nayo inakoma papo hapo. Hilo ndilo somo la kwanza: hakuna sauti bila kitu kinachotetema.

Sasa weka vidole viwili kwenye kikoromeo chako useme "mmmm". Utahisi mtetemo. Ndani ya koo mna nyuzi mbili za sauti, na pumzi inapopita kati yake hufunguka na kujifunga upesi mno. Za mwanamume hutetema kama mara 100 hivi kwa sekunde, za mwanamke kama mara 200, na za mtoto mdogo hufika mara 300 na kupita. Hesabu hiyo ya mitetemo kwa sekunde huitwa hezi. Uzi mrefu na mnene hutetema polepole na kutoa sauti nzito. Uzi mwembamba uliokazwa hutetema upesi na kutoa sauti nyembamba. Litungu na koo la binadamu hufuata kanuni hiyo moja.

Uzi unapotetema huisukuma hewa iliyo kando yake. Hewa hiyo inabanwa, kisha inaachiliwa, nayo inaisukuma hewa ya jirani, na hiyo ya jirani inaisukuma iliyo mbele yake. Fikiria foleni ya watu wanaogombea matatu jioni kwenye stendi ya Kitale. Mtu wa nyuma akisukuma, msukumo hufika hadi mlangoni mwa gari ingawa yeye mwenyewe hajatoka alipo. Sauti husafiri hivyo hivyo. Hewa iliyotoka kinywani mwangu haikufikii sikioni. Kinachokufikia ni msukumo tu.

Pasipo hewa au kitu kingine cha kusukumwa, sauti haina njia. Mwaka wa 1660 mtaalamu Robert Boyle wa Uingereza alichapisha habari za jaribio ambalo alitundika saa inayolia ndani ya chombo cha kioo, kisha akaitoa hewa kwa pampu. Mlio ulififia hadi ukawa hausikiki, ingawa saa ilikuwa ikiendelea kwenda.

RADI, USIKU NA RELI

Watu wa Bungoma wanaijua radi. Mawingu yanapokusanyika alasiri, mwanga wa radi huonekana kwanza, halafu ngurumo hufuata. Vyote viwili vilizaliwa wakati mmoja. Mwanga hufika mara moja, lakini sauti hutembea hewani kwa mwendo wa mita 340 na kitu kwa sekunde, yaani kama kilomita moja kwa kila sekunde tatu. Ukiona mwanga ukahesabu hadi tisa ndipo usikie ngurumo, jua kwamba radi imepiga umbali wa kilomita tatu hivi.

Hesabu hiyo yaweza kuokoa maisha. Ikiwa ngurumo inafuata kabla hujamaliza kuhesabu 30, radi iko karibu kiasi cha kukufikia. Toka uwanjani, ondoka chini ya mti, achana na nyaya za ua, uingie katika nyumba imara au gari lililofungwa. Kaa humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mwendo wa sauti hubadilika kidogo kwa joto. Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na hali yake ni ya baridi. Hewa ikiwa na nyuzi 18 za Selsiasi, sauti huenda mita 342 hivi kwa sekunde. Bungoma, katika mchana wa nyuzi 25, huenda mita 346. Kama kungekuwa na sauti ya kuweza kuvuka kilomita zipatazo 70 za mstari mnyoofu kutoka Kitale hadi Bungoma, ingechukua dakika tatu na zaidi kidogo. Unapompigia ndugu yako simu hungoji muda huo kwa sababu simu huigeuza sauti yako kuwa umeme na mawimbi ya redio, kisha huirudisha kuwa sauti kwenye sikio lake.

Kuna jambo jingine ambalo kila aliyelelewa Bungoma analijua. Mwezi wa Agosti wa mwaka usiogawanyika visivyo sawa, kama vile 2022 na 2024, vijana wa Kibukusu hutahiriwa. Mtahiriwa hutembea akigonga njuga za chuma, chinyimba, kwenye vyuma alivyovaa mikononi. Mchana utazisikia akiwa karibu tu. Usiku na alfajiri utazisikia zikitoka kijiji cha mbali, ukadhani ziko nyuma ya nyumba. Si masikio yaliyobadilika. Mchana ardhi ina joto, na hewa ya chini yenye joto huipinda sauti ikaelekea juu angani. Usiku ardhi hupoa, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na sauti hupindwa ikarudi chini kwa watu. Ndiyo sababu honi ya treni ya mizigo huonekana kuwa karibu mno saa kumi za usiku.

Katika maji na chuma sauti hukimbia zaidi kuliko hewani. Majini huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, na katika chuma hupita mita 5,000. Kwa hiyo reli hupeleka habari ya treni mapema kuliko hewa, ingawa sitaki kusikia mtoto yeyote amekwenda kulaza sikio kwenye reli ya Webuye kuthibitisha maneno yangu!

Mfupa nao hupitisha sauti. Bila shaka umewahi kusikia sauti yako ikitoka kwenye simu au redio ukakataa kwamba ni wewe. Unapozungumza, unajisikia kwa njia mbili: kupitia hewani na kupitia mifupa ya kichwa chako. Mifupa huongeza uzito wa sauti. Wenzako hawaipati njia hiyo ya pili. Sauti ngeni unayoisikia kwenye simu ndiyo wanayoijua wao siku zote. Kumbuka habari hii ya mfupa, maana tutaihitaji mbele.

SAFARI NDANI YA SIKIO

Sikio la mtu mwenye afya, hasa akiwa kijana, husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Nje ya mipaka hiyo sauti zipo ila hatuzisikii. Katika pango la Kitum, huko Mlima Elgon, tembo huingia usiku kuparuza mwamba wenye chumvi, na popo hukaa humo humo. Tembo wana sauti zilizo chini ya hezi 20, jambo lililogunduliwa mwaka wa 1984 na mtafiti Katy Payne wa Marekani. Popo nao hutoa milio inayopanda juu ya kikomo chetu ili kujiongoza gizani. Mtu aweza kusimama kati yao akasema kuna kimya.

Sauti tunayoweza kuisikia huingia kwenye tundu la sikio lenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Mwishoni mwake hukigonga kiwambo, ngozi nyembamba yenye upana wa sentimita moja tu, iliyotandazwa kama ngozi ya ngoma. Kiwambo hutetema. Nyuma yake kuna mifupa mitatu iliyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, chenye urefu wa milimita tatu hivi, mfupi kuliko punje ya mchele.

Kazi ya mifupa hiyo ni kuongeza nguvu. Sikio la ndani limejaa maji, na maji ni magumu kusukuma kuliko hewa. Kiwambo na mifupa hiyo huzidisha msukumo karibu mara 20 kabla ya kuukabidhi kwa maji.

Maji hayo yamo ndani ya koklea, kijumba kilichojikunja kama konokono. Humo mna chembe zipatazo 15,000 katika kila sikio, zenye vinyweleo vidogo mno juu yake. Maji yakitikisika vinyweleo huinama, chembe hutoa umeme mdogo, na mshipa wa fahamu huupeleka ubongoni. Hapo ndipo mtu anaposema, "Nimesikia."

Chembe hizo zimepangwa kwa utaratibu. Zilizo karibu na mlango wa koklea hupokea sauti nyembamba, na zilizo ndani kabisa hupokea sauti nzito. Georg von Békésy, mzaliwa wa Hungaria, alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1961 kwa kueleza jinsi mawimbi yanavyosafiri ndani ya kijumba hiki.

Sasa fikiria nyasi za uwanja wa mpira. Watu wakipita juu yake mara moja, zinalala kisha zinainuka. Wakipita kila siku, panabaki njia ya vumbi. Vinyweleo vya sikio hupatwa na hali hiyo. Kelele ya mara moja huvilaza, navyo huinuka. Kelele ya kila siku huviua. Kuku akipoteza chembe hizi huotesha nyingine. Binadamu haoteshi. Zile ulizozaliwa nazo ndizo utakazokwenda nazo kaburini, na zikifa hakuna tembe wala sindano ya kuzirudisha.

KWA NINI "FIKA" IKAWA "PIKA"

Turudi kwa mzee wetu. Kelele za mashine aghalabu huanza kuua chembe za sauti nyembamba, zilizo karibu na mlango wa koklea. Katika lugha yetu, irabu kama "a" na "i" ndizo zenye nguvu, na uzito wake uko chini. Lakini sauti za "f", "s", "sh", "t" na "k" ni nyepesi, nyingi ziko juu.

Chukua maneno haya: fika, pika, shika. Yote yana mkia mmoja, "-ika". Kinachoyatofautisha ni ule upepo mdogo wa mwanzo. Mzee anausikia mkia vizuri kabisa. Kichwa chake ndicho kinachobuni mwanzo. Anaposema kwamba anasikia, hasemi uongo. Anaposema watu wananong'ona, hiyo ndiyo hali inavyomfikia. Na mkewe anapoona dharau, naye ana sababu, kwa kuwa mtu huyo huyo husikia mlango ukibamizwa au gari likija.

Kupiga kelele hakusaidii sana. Ukipaza sauti, irabu ndizo zinazovimba, na konsonanti zinabaki pale pale. Nilimwambia mama yule asogee karibu, amguse bega kwanza, amtazame usoni, kisha aseme polepole. Macho yataona midomo, nayo yatasaidia masikio.

Angalia pia mahali hatari ilipo. Mzee huyu aliitikia maagizo ya dawa asiyoyasikia. Dereva, mlinzi wa usiku, mama anayepokea maagizo ya kunyonyesha, wote waweza kuitikia kwa haya. Kama wewe ni muuguzi au muuza dawa, mwombe mgonjwa akurudishie maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Mimi sasa hufanya hivyo kwa kila mtu.

KELELE HUPIMWA VIPI

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono ni kama 30, mazungumzo ya kawaida 60, barabara yenye magari mengi 80. Mashine ya kusaga mara nyingi hupita 90, na spika kubwa zilizo karibu hufika 100 na zaidi.

Usidanganywe na udogo wa tofauti hizo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti imezidi maradufu. Kwa hiyo wataalamu wengi hutumia hesabu hii: desibeli 85 waweza kuzivumilia saa 8 kwa siku, 88, saa 4, 91, saa 2, 94, saa moja, na 100, robo saa tu. Mzee wetu alikaa kutwa, miaka 18.

Sheria ya Kenya haijanyamaza. Kanuni za kuzuia kelele kazini za mwaka wa 2005 zinasema mfanyakazi asiwekwe kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8, wala mlipuko unaozidi desibeli 140 wakati wowote. Kelele ikizidi 85, mwajiri anatakiwa awe na mpango wa kulinda masikio ya wafanyakazi wake. Kama unafanya kazi kiwandani, kwenye mashine za mbao, au jua kali ambako mabati hupigwa nyundo tangu asubuhi, kinga ya masikio ni haki yako kama vile glavu na buti.

Huna kipimo? Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako. Ikiwa ni lazima upaze sauti ili akusikie, mahali hapo pana kelele ya kudhuru.

Kelele za starehe hazina huruma zaidi ya zile za kazi. Huku kwetu magharibi vijana wanajua disko matanga, ambapo spika huvuma hadi mapambazuko. Wengine hukaa nyuma ya matatu, spika ikiwa chini ya kiti. Kesho yake masikio yanavuma "nziii" na kila kitu kinasikika kama kimefunikwa blanketi. Huo mvumo ni kilio cha chembe zilizopigwa. Baada ya siku moja au mbili hupungua, na kijana hudhani amepona. Ukweli ni kwamba huenda nyingine hazikuinuka.

Hapa umbali ni rafiki yako. Mahali pa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili, kelele hupungua karibu desibeli 6. Ukitoka mita moja mbele ya spika ukaenda mita nane, utakuwa umepunguza desibeli 18. Kelele ya 100 itakuwa 82 bila kulipa senti.

Na vipi kuhusu vipaza sauti vidogo vinavyoingizwa masikioni? Hapo umbali hakuna kabisa. Shirika la Afya Duniani lilionya katika ripoti yake ya mwaka wa 2021 kwamba zaidi ya vijana bilioni moja duniani wako hatarini kwa sababu ya kusikiliza muziki kwa namna isiyo salama. Usipandishe sauti kupita asilimia 60 ya uwezo wa simu, na uyapumzishe masikio mara kwa mara.

SI KILA ASIYESIKIA AMEHARIBIWA NA KELELE

Mezani kwangu nina kifaa cha chuma chenye meno mawili kama uma. Nikikigonga kinatetema mara 512 kwa sekunde. Kwanza nakishikilia mbele ya sikio la mgonjwa, kisha nakigandamiza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Hapa ndipo ile habari ya mfupa inapotufaa.

Mtu mzima wa sikio huisikia sauti vizuri zaidi kupitia hewani. Akiisikia zaidi kupitia mfupani, njia ya hewa imezibwa mahali fulani kabla ya koklea: pengine ni nta, kiwambo kilichotoboka, au majimaji nyuma ya kiwambo. Mengi ya haya yanatibika. Lakini akisikia vibaya kwa njia zote mbili, hewa ikizidi mfupa, lawama iko kwenye koklea au mshipa wa fahamu.

Mzee wa mashine alikuwa katika kundi hili la pili. Watoto ninaowaona Bungoma siku za Jumamosi, wengi wao wako katika lile la kwanza. Huletwa wakiitwa wakaidi au wazito wa masomo. Ukitazama ndani unakuta usaha, au majimaji yaliyobaki baada ya mafua, nayo yanakizuia kiwambo kutetema. Mtoto huyo hajakataa kumsikiliza mwalimu, msukumo haumfikii.

Sikio linalotoa usaha si jambo la kungoja. Usilitie maziwa ya mama, mafuta ya taa wala dawa za majani. Likifuta usaha zaidi ya wiki mbili, au mtoto akiwa na homa kali, shingo ngumu au uvimbe nyuma ya sikio, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Usimpige mtoto kofi la sikio. Kiganja kinapofunika tundu kwa ghafula huibana hewa iliyomo, na hewa hiyo yaweza kukipasua kiwambo. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, lakini makofi ya namna hii bado nayaona, na mengine hutoka nyumbani.

Kuna dawa pia zinazoweza kugusa masikio. Kwinini huleta mvumo ambao kwa kawaida hutoweka dawa ikiisha. Sindano za jentamisini, zikizidi kipimo au muda, zaweza kuua chembe zile zile za koklea. Ni dawa nzuri zikitumiwa kwa maagizo. Usidungwe na mtu asiyejulikana, na ukianza kusikia mvumo au kizunguzungu, mwambie daktari mara moja.

UFANYE NINI

1. Kazini penye kelele vaa vifuniko au vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Pamba ya kawaida haizuii kelele ya kutosha.

2. Tenganisha injini na watu. Ukuta wa matofali kati ya mashine na wateja hufanya kazi kuliko mabati, ambayo yenyewe hutetema na kuongeza kelele.

3. Pumzika. Mkipokezana zamu, kila mmoja hupata nusu ya kelele.

4. Usichokonoe masikio kwa kijiti, ufunguo wala kalamu. Nta hutoka yenyewe. Ikiziba, muuguzi ataitoa kwa usalama.

5. Mtoto wa miezi sita asiyegeukia sauti, au wa mwaka mmoja na nusu asiyesema neno, apimwe. Usiambiwe "atasema tu".

6. Kama wewe ni mfanyakazi wa mashine, omba kupimwa masikio kila mwaka. Ulizia kliniki ya masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa ya kaunti yako.

Mzee wetu alipimwa, na karatasi ikaonyesha shimo pale pale tulipotarajia, kwenye sauti nyembamba. Hatuwezi kumrudishia alichopoteza. Ameshauriwa kutumia kifaa cha kusaidia kusikia, na maagizo yake ya dawa sasa namwandikia kwa herufi kubwa. Shinikizo lake la damu limeteremka tangu alipoanza kumeza tembe inavyotakiwa.

Siku waliporudi nilimuuliza ni nani anayeiangalia mashine yeye akiwa hapa kliniki. Akanitazama midomo, akafikiri kidogo, akajibu: "Kijana wangu wa mwisho. Ana miaka 19. Amemaliza shule, ananisaidia."

Nikamuuliza kama kijana amevaa kitu masikioni. Mama ndiye aliyejibu kwamba hana kitu.

Hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Walipitia dukani, wakanunua vifuniko viwili vya masikio, kimoja cha mzee na kimoja cha kijana. Wiki iliyofuata mama alinipigia simu kuniambia kwamba wateja walimcheka kijana siku ya kwanza, wakamwita rubani. Siku ya tatu walikuwa wamezoea.